Kanisa la Mkunazini: maswali yenu kuhusu mawe, paa na madhabahu

Nilipowaomba mniletee maswali kuhusu makanisa ya kale ya mwambao, karibu nusu ya yaliyokuja yaliulizia jengo moja tu: Kanisa Kuu la Kristo la Waanglikana, pale Mkunazini, Mji Mkongwe wa Unguja. Basi leo nakaa hapo hapo, na wale wa Dar, Mombasa na Tanga nitawagusa njiani.

SWALI: Shikamoo. Nasoma usanifu wa majengo Dar es Salaam. Mhadhiri wetu aliliweka Kanisa la Mkunazini kwenye kundi la majengo yanayorudia mitindo ya kale. Maana yake si kwamba ni nakala ya kanisa la Ulaya?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mhadhiri wako hakukosea, ila hilo neno "nakala" ndilo nisilolikubali.

Katika karne ya 19 Ulaya nzima iligeuka nyuma kuitafuta sura ya kanisa. Wengi waliamini kwamba kanisa la kweli ni lile la zama za kati, lenye tao lililochongoka, dirisha refu jembamba na mnara wa ncha. Huo ndio mtindo wa Kigothi. Uingereza mtetezi wake mkubwa alikuwa Augustus Pugin, aliyefariki 1852 akiwa na miaka 40 tu, na mkono wake unaonekana katika nakshi za jumba la Bunge la London lililojengwa upya baada ya moto wa 1834. Ujerumani, Kanisa Kuu la Köln lilianzishwa 1248, likaachwa njiani kwa karibu miaka 300, kazi ikashikwa tena 1842 na kumalizika 1880. Vienna walijenga kanisa la Votivkirche kumshukuru Mungu kwa sababu mfalme wao Franz Joseph alinusurika kuchomwa kisu 1853. Likawekwa wakfu 1879.

Sasa tazama miaka. Kuta za Mkunazini zilipandishwa katika muongo huo huo wa 1870. Mafundi wetu walikuwa ndani ya wimbi lile lile, wala hawakuja kuokota mabaki yake baadaye. Lakini wimbi lilipofika hapa lilikuta watu wana mawe yao na ufundi wao. Tao lililochongoka halikuwa geni mwambao. Nenda kwenye magofu ya Gedi huko Kenya, nenda kwenye Msikiti Mkuu wa Kilwa, utaliona limesimama tangu karne nyingi kabla ya mmisionari yeyote kukanyaga Unguja. Mtu wa Mji Mkongwe ambaye hajawahi kusikia habari za Pugin aliweza kuliangalia dirisha la Mkunazini akaona kitu anachokijua kutoka msikitini kwake. Ndiyo maana wataalamu wanapolieleza jengo hili husema lina Ugothi na lina Uislamu wa mwambao ndani yake. Ukiandika kazi yako, andika hivyo: michoro ilikuwa ya kizungu, jawabu lilikuwa la hapa.

SWALI: Ni kweli madhabahu imesimama pale palipokuwa na mti wa kuwachapia watumwa, au ni maneno ya kuwavutia watalii?

JIBU: Niyatenge mambo mawili. Kwamba kiwanja kilikuwa sehemu ya soko la watumwa, hilo halina ubishi. Juni 1873 Seyyid Barghash, Sultani wa Unguja, alitia saini mkataba na Waingereza, na soko likafungwa. Muda mfupi baadaye mmisionari Arthur West wa UMCA, misheni ya Waanglikana, alinunua sehemu ya kiwanja, na kipande kilichopakana nacho kilitolewa na mfanyabiashara wa Kihindi, Jairam Senji. Jiwe la msingi liliwekwa siku ya Krismasi ya mwaka huo huo. Miezi sita tu baada ya mkataba! Bila shaka walikuwepo watu waliosimama kuitazama shughuli ile ambao wao wenyewe, au mama zao, waliuzwa pale pale.

Hilo la mti ni mapokeo, na kanisa lenyewe linayashika. Mbele ya madhabahu kuna duara la marumaru nyeupe sakafuni, limezungushiwa marumaru nyekundu, kuonyesha mahali hapo na damu iliyomwagika. Hakuna aliyepima kwa kamba. Mimi ninalolijua ni kwamba waliojenga walikuwa bado na watu hai wa kuwauliza, na walikusudia madhabahu ikae pale. Nilipofika mara ya kwanza nilikuta kina mama watatu wa kutoka bara wamepiga magoti nje kidogo ya lile duara; hakuna hata mmoja aliyelikanyaga. Nami tangu siku hiyo hupita kando.

Ila tusisahau jambo moja. Mkataba wa 1873 ulifunga biashara na soko. Utumwa wenyewe Unguja haukufutwa kisheria mpaka 1897. Kanisa hili lilijengwa, likaezekwa na kusaliwa miaka mingi katikati ya mji ambao bado ulikuwa na watumwa. Vitabu vya watalii hulipita jambo hili haraka mno.

SWALI: Mimi ni fundi mwashi, naishi Bububu. Nimeingia pale mara nyingi, juu sioni boriti wala kenchi. Lile paa linashikwa na nini?

JIBU: Fundi wangu, hili ndilo swali nililokuwa nikilisubiri. Paa lile linashikwa na umbo lake.

Wewe unaijua nyumba ya mawe ya kizamani. Unapandisha ukuta mnene, unalaza boriti za mikoko, juu yake vipande vya mawe, kisha chokaa inayopondwa siku kadhaa mpaka ishikane. Boriti ya mkoko haivuki sana mita 3. Kwa hiyo vyumba vyote vya Mji Mkongwe, hata vya matajiri, ni virefu na vyembamba; upana wa chumba uliamuliwa na mti. Askofu Edward Steere wa UMCA, aliyesimamia ujenzi, alitaka ukumbi mpana, ambao mkoko hauuwezi. Angeweza kuagiza mbao kubwa za kenchi, nazo zingekuwa karamu ya mchwa. Akaamua kulimwaga paa zima kwa zege.

Zege lenyewe lilikuwa mawe ya matumbawe yaliyopondwa, yakachanganywa na saruji ya Portland. Saruji hiyo ilipewa hataza Uingereza 1824 na Joseph Aspdin, kwa hiyo haikuwa mpya kabisa, lakini kuezekea kanisa zima kwa zege katika miaka ya 1870 kulikuwa kuthubutu hata London, sembuse Unguja. Kutia nondo ndani ya zege kulikuwa bado ni majaribio ya watu wachache. Hapo ndipo umbo linapoingia. Ukisimama ndani na kuinua macho utaona paa limejikunja kama nusu ya pipa lililolazwa. Zege halipendi kuvutwa, linapenda kubanwa. Ukilimwaga bapa bila nondo juu ya ukumbi mpana, tumbo lake litavutika na kupasuka. Ukilikunja, kila kipande kinamsukuma mwenzake, uzito unateremka ubavuni hadi kwenye kuta, na kuta zikiwa nene hazikubali miguu ya tao itanuke. Wewe umejenga matao ya milango, unalijua hili kwa mikono. Steere alichukua tao la mlango akalivuta mpaka likawa urefu wa kanisa.

Watu wengi walitabiri kwamba litaanguka kiunzi kitakapoondolewa. Halikuanguka. Limesimama hadi leo, ingawa maji ya mvua yamelitesa, na katika miaka ya 2010 jengo lilifanyiwa ukarabati mkubwa ambao shirika la World Monuments Fund lilishiriki.

Na kuna hili ambalo mimi hulikumbuka kila ninapoliangalia paa lile. Steere ndiye yule yule aliyetoa mwongozo wa lugha ya Kiswahili mwaka 1870, akakusanya hadithi za Unguja kutoka vinywani mwa watu, akafanya kazi ya kuitafsiri Biblia. Alishinda mchana juu ya jukwaa na mafundi. Sina shaka maneno yaliyopigwa kelele pale juu, lete zege, ngoja kwanza, kaza kamba, yalikuwa Kiswahili. Alifariki Agosti 1882 na kaburi lake liko nyuma ya madhabahu, chini ya paa lake mwenyewe.

SWALI: Mwongoza wageni alituonyesha nguzo alizosema zimewekwa kichwa chini miguu juu kwa sababu mafundi hawakujua. Kweli?

JIBU: Zipo, ziko upande wa mlango mkuu, na ukiinama utaona kwamba sehemu iliyopaswa kuwa juu iko chini. Inasimuliwa kwamba Askofu alisafiri, mafundi wakazisimamisha hivyo, na aliporudi akaziacha.

Ninachokipinga ni ile "hawakujua". Mwashi wa Mji Mkongwe alijua kuchonga jiwe la matumbawe likiwa bichi na laini, alijua kuchoma chokaa, alijua kupandisha ukuta wa ghorofa tatu bila mchoro. Nguzo ya kizungu yenye kichwa na kitako hakuwahi kuoneshwa, kwa sababu misikiti na nyumba zetu hazina nguzo za namna hiyo. Mpe mwashi wa London mlango wa Kizanzibari wenye kizingiti na miimo ya nakshi mbali mbali, uondoke mwezi mmoja, kisha urudi uone ameupanga vipi. Steere angeweza kuamuru zibomolewe. Aliziacha, na mimi namshukuru, maana hakuna mahali pengine ndani ya kanisa ambapo mkono wa mafundi wenyewe unaonekana wazi hivi.

SWALI: Mwanangu alirudi kutoka safari ya shule akilia kwa sababu ya vyumba vya chini walivyoonyeshwa, kuwa watumwa walirundikwa humo. Nimesikia mtu akisema si kweli. Nimwambie nini mtoto?

JIBU: Pole, mama. Kwanza mwambie kilio chake kina haki, kwa sababu watu walirundikwa kweli na kuuzwa kweli mahali pale.

Kuhusu vyumba vyenyewe, wapo wanahistoria wanaotilia shaka, na hoja yao ni nzito. Jengo lililo juu ya vyumba hivyo, la Mtakatifu Monika, lilijengwa na misheni kwa ajili ya huduma za hospitali, baada ya soko kufungwa. Ghala la chini ya hospitali ya misheni haliwezi kuwa gereza la soko lililokwisha kufa kabla yake. Mimi naegemea kwao. Nikiingia mle, kwenye dari fupi inayokulazimisha kuinama na joto linaloshika kooni, nakubali kwamba chumba kinasaidia akili kuwaza. Lakini ushahidi wa mateso ya watu wale hauhitaji chumba chenye shaka. Upo katika mkataba, katika hesabu za ushuru za masultani, katika majina ya watu wa Mbweni na Kiungani, ambako misheni iliwapokea waliotolewa majahazini.

Mpeleke tena akikua kidogo, umwonyeshe shimo la kumbukumbu lililo uani, sanamu za watu waliosimama wamefungwa minyororo shingoni, kazi ya msanii wa Sweden Clara Sörnäs ya mwaka 1998. Lile halidai kuwa kitu kingine zaidi ya kumbukumbu.

SWALI: Na msalaba wa Livingstone?

JIBU: Uko ndani, mdogo kuliko watu wanavyotarajia. Ubao wake unatoka kwenye mti uliokuwa kijijini kwa Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia, ambako David Livingstone alifariki 1873 na moyo wake ukazikwa chini ya mti huo. Mwili uliletwa kwa miguu hadi Bagamoyo na wasaidizi wake, kina Susi na Chuma. Ukiusimamia msalaba ule, wataje na hao.

SWALI: Babu yangu alikuwa akisema Sultani aliitoa saa ya mnarani kwa sharti kanisa lisipite urefu wa Beit al-Ajaib. Ilikuwa hivyo?

JIBU: Babu alisimulia kama inavyosimuliwa mjini kote, na kwamba saa ni zawadi ya Seyyid Barghash ni jambo linalotajwa sana. Kwenye sharti ndipo miaka inapobana. Beit al-Ajaib ilijengwa 1883, na Steere alikwishafariki 1882. Kama mazungumzo hayo yalikuwepo, yalihusu jumba ambalo bado lilikuwa mawazoni mwa Sultani. Haishindikani, watawala hupanga mapema. Mimi hupenda hadithi hii kwa kuwa inaonyesha kanisa halikupandishwa kwa jeuri katika mji wa Kiislamu. Lilihitaji jirani mwema, na jirani alikuwepo.

SWALI: Kwa nini Minara Miwili hailingani hata kidogo na Mkunazini, ilhali yote ni makanisa ya zama moja?

JIBU: Kwa sababu kila misheni ilikuja na kumbukumbu za kwao. Minara Miwili, yaani Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, ni kazi ya Mapadre wa Roho Mtakatifu kutoka Ufaransa katika miaka ya 1890. Wafaransa wale hawakuufuata Ugothi. Walirudi nyuma zaidi, kwenye matao ya nusu duara na kuta nzito za mtindo wa Kiromaneski, wakachanganya na ladha ya Kibizanti. Ukiyaona makanisa ya Marseille utajua walikuwa wakiikumbuka bandari gani.

Dar es Salaam, Mtakatifu Yosefu nyingine ilijengwa na Wabenedikto wa Kijerumani kati ya 1897 na 1902, nayo ni Gothi ya kwao, ncha juu ya ncha, ikitazama bandari. Azania Front ya Walutheri iko hatua chache tu na ina vigae vyekundu na vipaa vidogo mnarani kama vya vijiji vya kusini mwa Ujerumani. Ajabu ni Mombasa. Kanisa Kuu la Ukumbusho la Waanglikana, lililowekwa wakfu 1905, lina kuba na matao ya sura ya Kiarabu, na mgeni akitokea baharini anaweza kulidhani msikiti. Huyo msanifu aliyechora vile aliona mbali. Ningependa wengi wangemfuata.

SWALI: Mimi ni mzee wa kanisa, mkoa wa Tanga. Parokia yetu ina kanisa la mawe la wamisionari. Miaka miwili iliyopita tulichanga tukapiga lipu ya saruji nje yote, likapendeza. Sasa lipu inavimba na kudondoka, na ndani ukuta una unyevu kuliko zamani. Fundi anasema tuongeze saruji. Tufanyeje?

JIBU: Shikamoo mzee. Tafadhali msiongeze saruji. Nayasema haya kwa uchungu maana nimeyaona kwa macho yangu katika kanisa moja la pwani, silitaji. Fundi aligonga kwa kitako cha nyundo, ganda la lipu upana wa mlango likaachia zima zima. Nyuma yake ukuta ulikuwa umefunikwa na unga mweupe. Nikaugusa kwa kidole, nikaonja: chumvi. Jiwe lililokuwa gumu miaka 100 likawa linachoteka kama sukari.

Jiwe la matumbawe lina matundu. Linywapo maji ya mvua au ya ardhini, hulazimika kuyatoa tena kwa kupumua kupitia lipu. Lipu ya chokaa huyapitisha. Saruji huyafungia ndani. Maji yanatafuta njia ya chumbani, chumvi inajikusanya nyuma ya lipu, inavimba, inalisukuma ganda na kulimenya jiwe. Saruji pia ni ngumu kuliko jiwe lenyewe, kwa hiyo penye kutikisika hupasuka, na kila ufa ni mlango wa maji.

Bandueni yote iliyolegea, taratibu, kwa patasi ndogo, msiguse ile iliyong'ang'ania jiwe kwa nguvu mpaka iachie yenyewe. Angalieni lipu ya asili ikiwa imebaki mahali. Mkiona vijiti vyeusi vidogo ndani yake, ni mkaa wa tanuri la zamani, hiyo ndiyo chokaa ya wajenzi wenu na ndiyo mfano wa kuufuata. Piganeni na maji kwanza: mifereji, na udongo uliopanda kwenye miguu ya kuta uondolewe. Acheni ukuta ukauke miezi kadhaa. Kisha tafuteni chokaa iliyozimwa na kulala majini muda mrefu, sehemu 1 kwa sehemu 3 za mchanga mkali uliooshwa, bila chumvi ya baharini. Anayeizima avae miwani na glavu, chokaa mbichi hupofusha. Lowesheni ukuta, pigeni tabaka nyembamba, la kwanza lishike siku nyingi kabla ya la pili, na mtundike magunia yenye maji lisikauke kwa jua. Chokaa hukomaa polepole kwa kuvuta hewa. Fundi anayetaka kumaliza kwa wiki moja si fundi wa kazi hii. Juu yake pakeni chokaa, msipake rangi ya mafuta wala ya plastiki.

Msilishughulikie kanisa lote kwa mara moja. Chagueni ukuta mmoja, ule unaopigwa na mvua za masika, mjifunzie hapo. Na kama mawingu yamekwisha kukusanyika huko kwenu, ngojeni yapite, kwani chokaa iliyopigwa jana ikikutana na mvua ya leo huoshwa yote.